Godoro la Boti

"Lete moto, Mwamvua," mama mkwe alisema. Alikuwa amelala chali juu ya godoro, mikono kifuani, macho yanatazama makuti ya paa. "Lete. Tuone nani ataungua."

Mimi nilikuwa nimesimama nimeegemea ukuta, kichanga mkononi. Sikutakiwa kusimama. Mzazi hasimami, mzazi hulala, hukandwa, hunyweshwa uji wa pilipili manga, huota moto. Nami nilikuwa nimeruka kitandani kama niliyeumwa na nge, nikakataa zawadi ambayo mama yule ameishona kwa mikono yake. Bi Mwamvua, mkunga wangu, alikuwa anatoka jikoni na kigae cha makaa ya mkoko. Nilizisikia kandambili zake uani, chapa, chapa, wala hazikuwa na haraka.

Mpaka leo watu wa Nyamisati wakitaka kunitania huniita Zimamoto, na huwa nacheka nao. Siku ile sikuwa na cheko.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Kibiti, ambayo zamani ungeingia ukatoka na kiberiti na chumvi ukashukuru, yalikuwa yamejaa vitu hadi barazani. Kilichomtia wazimu mama mkwe wangu, Bi Mwanamina, hakikuwa redio wala saa ya mkononi. Kilikuwa godoro la sponji. Magodoro hayo yalitundikwa nje ya maduka, yamekunjwa, yana maua mekundu, na kila alipokwenda Kibiti kuuza mchele alisimama akayabonyeza kwa kidole hadi muuzaji mmoja akamwuliza, "Bibi, unanunua au unakanda?"

Sisi tulilalia kitanda cha kamba na mkeka juu yake. Na mimi nilikuwa mgeni pale, nimeolewa kutoka Nyamwage, ng'ambo ya mto, binti wa Mmatumbi mwenye mikorosho yake kando ya barabara kuu. Mama mkwe akajiaminisha kwamba watu wa barabarani wote hulalia magodoro. Wapi! Kwetu tulilalia mito ya sufi iliyojaa kunguni. Nilimwambia mara ngapi, akadhani namfariji tu.

"Ndugu zako watakuja siku ya arobaini ya mtoto," alikuwa akisema. "Wavuke pantoni pale Ndundu, wapigwe vumbi kutwa nzima, waje wakukute umelala juu ya kamba kama mbuzi wa mnadani? Aibu hiyo nitaipeleka wapi mimi?"

"Mama, watakuja kumwona mtoto, si kitanda."

"Ndivyo wanavyosema. Macho hayana pazia."

Basi. Mume wangu Miraji alikuwa fundi wa boti, na mwaka huo, mimi mimba yangu imeshaingia mwezi wake, Lucas akamletea boti yake ya faiba. Lucas alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Iringa. Alinunua kambamiti kwa wavuvi wa huku delta akawapeleka Dar es Salaam. Boti yake ilikuwa imekuwa nzito, inakwenda mkia chini, na ilinuka petroli hata injini ikiwa imezimwa tangu jana yake. Miraji aliipandisha juu ya magogo, akaikata sakafu, akachungulia. Mle ndani mlikuwa na tangi la mafuta, na kulizunguka tangi pande zote walikuwa wamemimina sponji ya manjano kule ilikoundwa boti, ikaumuka, ikagandia humo humo. Tangi lilikuwa limetoboka siku nyingi. Ile sponji ilikuwa imekunywa petroli na maji ya chumvi mpaka imeshiba.

"Duh!" Lucas alisema. "Toa godoro lote hilo."

Jina likashika. Tangu pale hakuna aliyesema sponji tena. Watoto, wavuvi, hata Miraji mwenyewe, kila mtu akawa anasema godoro la boti, godoro la Lucas. Laiti angeliita kwa jina jingine, lolote.

Miraji alikataa chuma. Panga likigonga tangi likatoa cheche, alisema, watatukusanya kwa ufagio. Alichonga vibao vya mti wa mkandaa vyenye ncha, akawa anachokoa navyo, na palipobana alipitisha mshipi mnene wa kuvulia papa: ncha moja kashika yeye, ncha nyingine nimeshika mimi, huyu akivuta huyu analegeza, kama wapasua mbao. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, miguu nimeitanua kama muuza dagaa, tumbo limekaa mbele yangu kama mtu wa tatu. Mama mkwe alikuwa shambani anaamia ndege wa mpunga, la sivyo angetutoa pale kwa fimbo, mimi na mwanawe. Kila mshipi ulipopita, sponji ililia, kwii, kwii, sauti ya panya aliyebanwa na mlango. Ilinikaa kwenye meno. Vipande vilitoka vinene, na ukiviminya vinachuruza maji yenye rangi rangi za mafuta. Macho yalituwasha. Jiko nililihamishia nyuma ya nyumba, upepo unakokwenda, na Lucas alipotokea na sigara mdomoni, Miraji alimpigia ukelele ambao sijawahi kumsikia akimpigia mtu, tena mtu anayemlipa.

"Zima hiyo! Zima, utatuua!"

Tulipomaliza, Miraji alikata kipande kama ngumi, akakipeleka mbali kwenye tope, maji yakiwa yamekupwa. Akawasha kuti, akakigusa nalo huku amegeuza uso. Fuu! Kiliwaka kwa mara moja, moshi mweusi tii, kikawa kinadondosha matone ya moto, na yale matone yaliendelea kuwaka hata juu ya kidimbwi cha maji. Nilisogea nyuma bila kuambiwa.

"Umeona, Nasma?" alisema. "Usiniambie hii ni sponji. Hii ni petroli imelala."

Vipande vyote alivirundika kule ufukoni, akavifunika turubai, akalaza magogo juu yake. Angevifukia akirudi, kwa sababu asubuhi yake alikuwa anaondoka na Lucas kwenda Dar kuchomelesha tangi jipya. Asubuhi hiyo hiyo mama mkwe akarudi kutoka shambani. Pikapu ya Lucas inapiga honi, Miraji kavaa kiatu kimoja, cha pili mkononi, na kwa haraka yake hiyo alimwachia mama yake maneno haya tu: "Mama, lile godoro la Lucas msiliguse."

Mama mkwe alikuwa mwanamke asiyeokota hata nazi iliyoangukia upande wa mwenzie. Akaelewa alichoelewa, kwamba ni mali ya mtu. Na mali ya mtu huombwa. Akatoka, akaenda hadi kwenye dirisha la pikapu.

"Lucas mwanangu, lile godoro lako una kazi nalo?"

"Kazi gani tena, mama?" Lucas alicheka. "Wewe chukua tu."

Haya nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa ndani nimekumbatia nguzo ya kati, uchungu umenianza, nami nimenyamaza kwa sababu nilitaka Miraji aende apate lile tangi arudi haraka. Kabla ya adhuhuri nikajifungua, mtoto wa kiume, mzima, ana sauti ya muadhini.

Siku zilizofuata nilikuwa mfungwa wa mila, na sikatai, nilizifurahia. Bi Mwamvua alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na alasiri. Kisha nalazwa juu ya kamba, kigae cha makaa kinasukumwa uvunguni, joto linapanda mgongoni hadi nasinzia. Huko uani nilimsikia mama mkwe akiimba, akifua kitu, akifukuza kuku. Nikiuliza naambiwa mzazi hana maswali. Chumba kilikuwa kimejaa moshi wa ubani. Angeweza kufua petroli tupu pale mlangoni nisijue.

Kumbe ndicho alichokuwa akifanya. Alivichukua vile vipande kimoja kimoja, akaviosha kwa sabuni, akavianika juu ya paa la jiko, akavimega vikawa vidogo vidogo, akavishindilia kwenye magunia ya unga aliyoyaunganisha kwa sindano ya kushonea mikeka. Juu yake akaivisha kanga yake mpya ya Idi, ambayo hata kukatwa pindo ilikuwa bado. Harufu iliyosalia haikumtisha. Ilimpendeza. Nani asiyejua kwamba mafuta hufukuza kunguni?

Alasiri ile niliyoanza nayo, nilipokwisha kukandwa, wakaniambia nitazame ukutani. Nikasikia kitu kinaburutwa, kinapandishwa, kisha mama mkwe akapiga kigelegele peke yake, cha nguvu, kama watu harusini.

"Haya, geuka. Lala."

Nikalala. Wallahi sijapata kulala pazuri namna ile. Mgongo wangu uliokuwa umechorwa na kamba ulitulia. Mama mkwe alisimama ananitazama usoni, mkono kinywani, kama mpishi anayengoja uonje.

"Vipi?"

"Laini, mama," nilisema, na machozi yakanitoka kweli kweli. "Umelitoa wapi?"

"Lala wewe, maswali ya nini."

Akamlaza mtoto ubavuni kwangu, akamtuma Bi Mwamvua makaa. Nikajigeuza ili nimnyonyeshe. Chini ya nyonga yangu, godoro likalia. Kwii.

Nilitulia. Nikajigeuza tena, polepole. Kwii. Kisha joto la mwili wangu likaiamsha ile harufu ndani ya magunia, ikaipita sabuni, ikaupita ubani, ikaja moja kwa moja puani. Nilimnyakua mtoto nikaruka.

"Mama, hili godoro la boti!"

Lingekuwa neno jingine, pengine mambo yangekwenda kwingine. Lakini ndilo lililonitoka. Nikauona uso wake ukikunjamana.

"La boti, naam. Nimeliomba kwa mwenyewe nikapewa. Au unaniita mwizi nyumbani kwangu?"

"Sikuiti mwizi, mama. Lina petroli."

"Nimeliosha."

"Halioshwi hilo! Miraji alikataza."

"Miraji alikataza mali ya mtu. Nami nimeiomba."

"Litawaka. Mimi nimeliona likiwaka, mama, kwa macho yangu haya."

"Limekaa juu ya paa la jiko siku zote hizi, moto chini yake kutwa, mbona halikuwaka?"

Mbona halikuwaka, hata leo sijui. Nasema Mungu tu.

"Sema hulitaki," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sema kwenu mnalalia mazuri zaidi ya hili. Nimelishona mpaka vidole vimevimba, Nasma. Sema tu, nisikie."

Masikini, hakuwa anabishana nami juu ya moto hata kidogo. Nilifungua kinywa nimwambie kwamba lilikuwa laini, kwamba nilikuwa nimelia kwa furaha, lakini yeye alikwishavua kandambili, amepanda, amelala chali na mikono kifuani.

"Lete moto, Mwamvua. Lete. Tuone nani ataungua."

Bi Mwamvua akaingia kwa kinyumenyume, akisukuma mlango kwa mgongo, kigae kakishika kwa matambara mawili. Makaa yalikuwa mekundu, yanapumua.

"Usiingie, Bi Mwamvua," nilisema. "Nakuomba."

Alinitazama mimi, akamtazama mwenye nyumba.

"Weka," mwenye nyumba alisema.

Akaanza kuinama. Pindo la ile kanga ya Idi lilikuwa linaning'inia hadi karibu na sakafu, na kigae kinakwenda pale pale. Miguuni kwangu palikuwa na ndoo yenye maji yaliyobaki ya kunikandia. Nilijua ninachotaka kufanya kinaitwaje. Moto wa mzazi hauzimwi. Huachwa ufe wenyewe, na anayeumwagia maji, wanasema, amemmwagia mtoto. Nilikulia na mila hiyo na mimi, wala sikuwa jasiri; nilikuwa naogopa pande zote mbili. Moyoni nilisema, ee Mola, kama kuna deni nidai mimi, usimdai huyu. Kisha nikainama na mtoto kifuani, nikaiinua ndoo kwa mkono mmoja, nikamwaga.

Kigae kilipasuka pwaa! Mvuke ukajaa chumba, Bi Mwamvua akapiga yowe akaruka nyuma. Kaa moja zima likarushwa, likaviringika mpaka uvunguni, likakaa chini ya lile pindo likiwa jekundu vile vile. Nikalikanyaga kwa kisigino. Nililikanyaga nikabaki nimelikanyaga, nasikia nyama yangu, mpaka nikawa na hakika.

Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa analia.

"Umemzimia mtoto moto," Bi Mwamvua alisema kwa sauti ndogo. "Nasma, umemzimia mwanao moto."

Mama mkwe aliketi. Nguo yake ilikuwa imerowa. Nilitegemea atanipiga, na kweli ningependa anipige.

"Afadhali ungenitukana," alisema, akavaa kandambili zake akatoka.

Usiku na mchana uliofuata nilikaa na mtoto kwenye mkeka katika chumba cha mbele, na lile godoro nikawa nimelifungia mlango. Habari ilikuwa imeshafika mpaka kwa wavuvi. Wanawake walikuja kumpa pole mama mkwe, si mimi. Heri lawama kuliko fedheha, watu husema; mimi nilikuwa nimezipata zote mbili. Na kilichonitafuna hasa si maneno yao. Ni kwamba kila nilipomgusa mtoto nikamwona ana joto kidogo, niliwaza: je, kama lisingewaka? Kama sabuni ilikuwa imeliosha kweli, nami nimemfanyia mwanangu lile jambo bure?

Miraji alirudi alasiri ya pili, tangi jipya linang'aa nyuma ya pikapu, akakuta ana mtoto, ana mke anayechechemea, na ana mama asiyezungumza. Alinisikiliza mimi ndani. Akamsikiliza mama yake nje. Hakusema nani mkosa. Aliingia chumbani, akalivuta lile godoro, akalinusa. Akajitwika kichwani akaenda nalo ufukoni, na nusu ya Nyamisati ikamfuata. Mimi nilisimama penye kona ya nyumba na mtoto. Mama mkwe alikwenda akasimama mbele ya wote, mikono kifuani.

Miraji alilitandaza mbali kwenye tope. Akawasha kuti refu, akanyoosha mkono.

Halikungoja kuti lifike. Moto uliruka wenyewe kulipokea, ukapanda juu ya kichwa cha mtu, na Miraji akaanguka matako chini, nyusi zote zimekwenda. Watu walikimbia huku wanapiga kelele. Kanga ya Idi ilitoweka kwanza, sikuiona hata ikiungua. Kisha likabaki dude jeusi linachemka na kudondosha moto, na joto lake lilinifika mimi pale pembeni ya nyumba.

Mama mkwe hakukimbia. Alisimama pale pale akatazama mpaka likawa dimbwi la lami, kisha akaingia jikoni akaanza kuchambua mchele.

Nilidhani atakuja kuniambia neno, hata la hasira. Hakuja. Alinipikia uji, akanifulia, akanipaka asali kwenye kisigino asubuhi na jioni bila kuniangalia machoni. Lakini mtoto hakumgusa tena. Bibi yule aliyekuwa akigombania kumwogesha na mkunga, sasa alipita mbali na mwana yule kama mtu aliyebeba bakuli la tui asiyetaka limwagike. Mtoto akilia, bibi ananiita mimi. Akijisaidia, anamwita Bi Mwamvua. Nilimwuliza Bi Mwamvua kulikoni.

"Anasema mikono yake haina amana," Bi Mwamvua alisema. "Anasema ilimtandikia mjukuu wake moto."

Hilo liliniuma kuliko kisigino. Nilikuwa nimemwokoa, ndiyo, nimemwokoa yeye na mwanangu, na kila mtu sasa alikuwa ananisifu. Lakini sikuwa na hamu ya kumlea mtoto katika nyumba ambayo bibi yake anamkimbia. Na kumwambia "nimekusamehe, mama" nisingethubutu. Mkwe humsameheje mama mkwe? Kwa mdomo gani?

Asubuhi moja akaingia na bakuli la uji, akaliweka kwenye kigoda, akageuka aende.

"Mama. Nipokee mtoto, mkono umekufa ganzi."

"Mwite Mwamvua."

"Bi Mwamvua hayupo."

Bi Mwamvua alikuwa nyuma ya ukuta anakohoa, tunamsikia wote wawili.

"Basi mlaze."

"Nimlaze wapi, mama? Juu ya kamba?"

Nikamnyooshea mtoto. Hakuinua mikono. Nikamsogeza zaidi, mpaka kifuani pake, na bado mikono ameibana, macho yake yako kwenye bakuli la uji. Ndipo nikalegeza vidole. Sikuigiza. Nilimwachia mwanangu.

Akamdaka.

"Wewe mtoto wa Nyamwage wewe!" alifoka, na nyumba nzima ikasikia. "Una kichaa? Ungemwangusha! Mtoto hutolewa hivi, kama tita la kuni? Tazama, shingo hujaishika! Na kofia yake iko wapi? Upepo wote huu, umemvua kofia!"

Alikaa kitandani, juu ya kamba, akamlaza mapajani, akaanza kumfunga upya huku anagombeza: kitambaa kimebana, kitovu hakijapakwa, watu wa barabarani hawajui kulea. Machozi yanamshuka, wala hajifuti, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Aligombeza mpaka uji ukapoa, nami nikaunywa hivyo hivyo baridi, sikumkatiza.